Niliziba Jina, Nikamwacha Ng'ombe

Nina miaka arobaini na nne. Ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, Mpogoro wa Mahenge niliyehamishiwa bonde la Kilombero miaka kumi na moja iliyopita. Shule yangu iko kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, kabla hujafika Mbingu. Jina lake silitaji. Imeshaaibika vya kutosha kwa sababu yangu.

Wasomaji wenzangu, mikasa yenu kwenye gazeti hili nimeisoma miaka mingi. Nilikuwa naisoma huku nimebenua mdomo. Huyu kaibiwa mume na shoga yake, yule kadanganywa na mganga... nami nasema moyoni, hivi hawa watu vichwa walipewa vya nini? Basi leo ni zamu yangu. Benueni midomo, nimestahili. Ila huruma yenu kaeni nayo, mimi sikuandika kuiomba.

Sisi shuleni kwetu tuliletewa projekta moja na vishikwambi ishirini. Mkuu wa shule aliita walimu wote, akauliza nani anajua vitu hivi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa na cheti cha kozi ya wiki sita, na kwenye shule ambayo mwalimu wa hesabu bado anaomba kuwekewa vocha na mwanawe, cheti cha wiki sita ni shahada! Nikakabidhiwa funguo za stoo. Nikawa mwalimu wa TEHAMA.

Jamani, zile funguo zilinipanda kichwani. Nilizivaa shingoni na kamba ya bluu hata siku ambazo umeme haupo. Wanafunzi wakanibatiza Madamu Paswedi. Nikajifanya sipendi, kumbe nalala nalo.

Somo langu kubwa lilikuwa usalama mtandaoni. Nilikuwa na sheria tatu, nimeziandika juu ya ubao kwa rangi ya mafuta ili hata dasta isizifute. Ya kwanza, usimtumie mtu usiyemjua picha yako wala siri yako. Ya pili, ukitishiwa usijibu na usifute kitu. Ya tatu, mwambie mtu mzima unayemwamini. Kila kipindi darasa zima linazisema kwa sauti, mpaka mafundi wa jengo la jirani walizikariri.

Nafundisha vizuri, sikatai. Lakini wanafunzi wenyewe niliwaona takataka. Ndiyo, takataka! Mtoto anagusa kioo cha kishikwambi kwa kidole kimoja kama anagusa sufuria ya moto, nami nacheka mbele ya wenzake. Mwingine kauliza kama intaneti inafika na kijijini kwao Kiberege, nikamwambia inafika, inapita reli moja na mkaa. Darasa likacheka wiki nzima. Mtoto yule hakunyoosha mkono tena mpaka anamaliza shule. Mimi niliona nimechangamsha kipindi.

Waliokuwa wananichekesha zaidi ni watoto wa wafugaji, Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao na kukaa kule ndani, mbele ya mashamba ya mpunga. Nilijitetea kwamba tunataniana tu. Hapa kwetu nani hamtanii Msukuma, na Msukuma gani hamtanii mtu? Lakini utani una watu wawili. Mwanafunzi anakurudishia nini, mwalimu ukimtania mbele ya darasa?

Kidato cha tatu alikuwepo msichana anaitwa Minza. Miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, anakuja na baiskeli ya baba yake yenye tairi nene, na masika anaibeba begani sehemu za tope. Alikuwa na tabia moja ya kwao: akikutana na mkubwa, anapiga magoti chini kumsalimia. Popote. Anaiegesha baiskeli, anapiga magoti barabarani, shikamoo madamu. Nilikuwa namwambia inuka wewe, utachafua sketi. Nilikuwa namwonea aibu mimi badala yake.

Baba yake, Mzee Shija, alikuwa na simu kubwa ya kupangusa. Hajui kusoma hata herufi moja. Alikuwa anapiga, anapokea, na anarekodi ujumbe wa sauti kwa kelele kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ukimtumia maandishi, msomaji wake ni Minza. Jioni akitoka shule anakaa chini karibu na kiti cha baba yake, anafungua simu, anasoma yote ya siku hiyo: bei za mnadani, misiba, salamu za kwao Shinyanga. Kisha baba anasema cha kujibu, yeye anaandika. Mzee alikuwa anajisifu kijiji kizima kwamba amemsomesha mtoto ili apate macho.

Na picha ya kwenye namba yake, pale ambapo watu huweka sura zao, Mzee Shija aliweka sura ya dume lake. Dume jeupe, kubwa, pembe ya kulia imesimama na ya kushoto imepinda mpaka inagusa shavu. Analiita Meneja. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu mzima, ana sura yake, anaweka ng'ombe!

Sasa sikilizeni nilivyoanza kuharibu. Nilifungua grupu la masomo la kidato cha tatu. Wanafunzi hawana simu, sheria ya shule hairuhusu, kwa hiyo wanaingia kwa namba za wazazi wakiwa nyumbani. Wazo zuri, eti? Ila kiungo cha kuingilia nilikibandika kwenye stetasi yangu na kwenye makundi yote niliyokuwemo, kanisani, kwenye vikoba, kila mahali, ili watu waone Madamu Paswedi anafanya mambo. Mlango wa darasa niliuacha wazi barabarani, mimi mwenye sheria tatu za rangi ya mafuta!

Akaingia mtu. Alijiita Kaka Elimu. Alisema ni mwanafunzi wa chuo anayependa kusaidia wadogo zake. Alikuwa anajibu maswali ya baiolojia vizuri kuliko mwalimu wetu, nami nikawa namtumia vidole gumba. Sikumuuliza chuo gani. Sikumuuliza hata jina lake la ubatizo.

Siku ya Jumanne, vipindi vimekwisha, Minza alikuja ofisini kwangu. Alipiga magoti mlangoni, akasalimia, akabaki pale pale chini. Alikuwa na simu ya baba yake ndani ya soksi. Alinieleza kwa sauti ndogo mno, nikamwambia aongee kama mtu. Kaka Elimu alimfuata pembeni. Mwanzo ilikuwa baiolojia. Baadaye ikawa umekula, umelala, wewe una akili kuliko wote, mimi nakupenda. Na Minza, ambaye maishani mwake hakuna aliyewahi kumwambia ana akili isipokuwa baba yake, akajibu kwamba na yeye anampenda. Akamtumia picha yake moja amevaa gauni la sikukuu la dada yake. Picha ya kawaida kabisa, ungeweza kuitundika sebuleni.

Kisha yule mtu akageuka. Akataka Minza aende Ifakara mjini, kwenye nyumba ya wageni aliyoitaja, na asimwambie mtu. Asipokwenda, kila neno la mapenzi alilowahi kuandika atampigia baba yake simu amsomee. Na kumwonyesha kwamba hatanii, akampigia picha mazungumzo yao yote kutoka kwenye simu yake yeye, akamtumia. Juu ya kila picha jina limeandikwa Minza, na pembeni ya jina, kwenye kile kiduara cha picha, yupo Meneja na pembe yake.

Minza hakujibu. Hakufuta. Alikuja kwa mtu mzima anayemwamini.

Mmeona? Sheria ya pili, kaifuata. Ya tatu, kaifuata. Mwaka mzima nilimwona mshamba, na katika shule nzima ndiye aliyenisikiliza!

Alinisihi jambo moja tu, baba yake asijue kwa mdomo wa mtu mwingine. Alisema atamwambia mwenyewe, ila kwanza yule mtu akamatwe, ili amweleze baba jambo lililokwisha. Alijua akianza kusemwa, wajomba zake watadai atolewe shule na aozwe, na Mzee Shija atakosa la kuwajibu. Shule ndiyo kitu alichokuwa anakilinda. Nikamwahidi. Nikajitumia zile picha kwenye simu yangu, nikamwambia kesho naenda polisi, kwenye dawati la watoto, na siri hii haitatoka humu. Nikajipiga kifua, funguo zangu zikalia.

Kesho yake sikwenda.

Ijumaa ya wiki ile tulikuwa na semina mjini Ifakara, walimu wa TEHAMA wa bonde zima. Kila mmoja alitakiwa aje na mfano hai wa kazi yake, na atakayefanya vizuri angeteuliwa kuwa mkufunzi, azunguke kuwafundisha walimu wengine. Mimi nilikuwa nautaka ukufunzi ule mpaka natokwa jasho. Mfano wangu ulikuwa wa kuongeza picha kwenye masomo ya jiografia. Nani atanipigia makofi kwa ramani ya bonde la ufa? Jumatano nzima natafuta mfano. Alhamisi nikaacha kutafuta... nilikuwa nao mfukoni.

Nikajiambia ni kwa faida ya watoto wengine. Ah, hilo neno! Ukimsikia mtu anasema anafanya jambo kwa faida ya watoto, angalia kwanza amevaa nini. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya.

Nilifungua zile picha za mazungumzo, nikachukua kalamu nyeusi ya kwenye simu, nikaziba jina la Minza. Nikaziba namba. Picha ya gauni nikaiondoa. Nilipofika kwenye kile kiduara, kidole kilikuwa kimeshashuka. Nikakiinua. Niliona ng'ombe ataupendezesha mfano wangu. Wasomaji, sikusahau kumziba. Msije mkanipa hiyo nafuu. Nilimwacha ili watu wacheke.

Na walicheka! Ukumbi umejaa, projekta inawaka, mimi mbele na kipaza sauti. Nikaonyesha jinsi tapeli anavyoanza, jinsi anavyosifia, jinsi anavyogeuka. Nilieleza vizuri sana, hata leo nasema. Nilipoona wanaanza kusinzia, nikanyoosha kijiti kwenye Meneja, nikasema, "Jamani, tazameni vizuri, huyu kaka alikuwa anamtongoza ng'ombe."

Ukumbi ulivunjika. Mwalimu mmoja alilala juu ya meza. Simu zikainuliwa, kila mtu anapiga picha ukuta, maana sisi walimu semina zetu ndivyo zilivyo. Hatuandiki siku hizi. Tunapiga picha, tunatupa kwenye grupu, tunasubiri chai. Mimi niliziona zile simu zote. Nilisogea pembeni kidogo nisiwazibe.

Wakati wa chai alinifuata mwalimu mmoja wa kutoka Malinyi, anaitwa Osmundi, mtu wa makamo, mpole. Hakuwa na kikombe. Aliniuliza taratibu kama yule ng'ombe si wa Mzee Shija, maana mzee huyo alikaa kwao Malinyi kabla ya kuhamia upande wetu. Nilimtazama juu mpaka chini. Nikamjibu kwamba ng'ombe weupe wako wengi bondeni humu, kama hajui akahesabu.

"Weupe wako wengi, madamu," akasema. "Mwenye pembe ile ni mmoja."

Hapo nilikuwa na nafasi, nawaambia kweli! Ningeweza kurudi mbele, niseme jamani futeni, nimekosea. Watu walikuwa bado wanakunywa chai, maandazi hayajaisha. Lakini ndani ya dakika kumi walikuwa wanatangaza mkufunzi. Nikamwambia Osmundi asiwe na wivu. Nikaenda kukaa mbele. Nikatangazwa mimi.

Mnajua picha inavyosafiri? Kutoka grupu la walimu ikaingia grupu la mwalimu mmoja na mashemeji zake. Mashemeji ni wanunuzi wa mifugo. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada, na mnadani hakuna asiyemjua Meneja. Watu wanaulizana bei ya ng'ombe wengine kwa kumtaja yeye. Mzee Shija alifika pale na fimbo yake kama kawaida, akakuta watu wanamsalimia huku wameshika midomo. Mmoja akamuuliza Meneja ameposwa lini. Mwingine akasema mahari safari hii italipwa kwa wanawake, maana anayeposwa ndiye ng'ombe. Wakamtumia na picha kwenye simu yake. Akaiangalia, akamwona dume lake, akaona maandishi mengi chini. Akauliza yanasema nini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsomea.

Mzee akaiweka simu mfukoni. Alisema hana haja ya kusomewa na watu, msomaji wake yuko nyumbani.

Yaliyofuata nilielezwa na yeye mwenyewe. Alikuja shuleni Jumatatu asubuhi, tukiwa gwarideni. Aliacha baiskeli getini. Mkuu wa shule akatuweka ofisini, mimi nikakaa nimejiandaa kupigiwa kelele. Nilikuwa nimeshapanga na majibu. Ningesema sikumtaja jina. Ningesema mbona nimeziba.

Hakupiga kelele. Alituambia kwamba alirudi kutoka mnadani, akakaa kwenye kiti chake, akamwita Minza, akampa simu. Akamwambia nisomee hii, watu wananicheka kwa ajili ya ng'ombe na mimi sielewi. Minza alichukua simu, akaangalia. Akaendelea kuiangalia mpaka mzee akadhani mtandao unasumbua.

Wasomaji, mtoto yule angeweza kudanganya! Baba hajui hata herufi. Angesema baba, ni matangazo ya dawa ya kupe. Angesema ni watu wanakuonea wivu. Nani angejua? Mimi, mwalimu mwenye cheti, ningedanganya bila kupepesa jicho.

Minza alisoma. Alisoma la kwanza mpaka la mwisho, yale ya yule mwanamume na yale yake mwenyewe, umekula, umelala, na mimi nakupenda, kwa sauti, amekaa chini karibu na kiti cha baba yake kama jioni zote. Alipomaliza akasema, "Baba, huyo anayejibu ni mimi."

Mzee Shija aliishia hapo. Mkuu wa shule alikuwa anapanga upya kalamu mezani. Mimi nikaanza ile hotuba yangu, kwamba mzee mimi jina niliziba...

"Mwalimu," akanikata. Kiswahili chake ni kizito, anatafuta kila neno kabla ya kulitoa. "Nilimleta kwako ajifunze kusoma, ili pasiwe na mtu wa kunificha kitu. Hakunificha. Wewe alikupa kitu kimoja umfichie. Ulikipeleka wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nizivae, zile funguo zilinilemea shingoni. Mkuu wa shule aliniambia jibu, madamu. Mzee akasema msimsumbue, amejibu.

Siku hiyo hiyo ndiyo nilikwenda polisi. Ndiyo, siku hiyo, mbio, na bodaboda, na kitenge kimerukiwa na tope! Askari wa kike alinisikiliza, akaipiga ile namba ya Kaka Elimu mbele yangu. Haipatikani. Akafuatilia, akaniambia imezimwa tangu Jumamosi. Yule mtu naye aliiona picha kwenye makundi kama kila mtu, akajua amejulikana, akaitupa laini. Askari akaniuliza msichana aliniambia lini. Nikasema Jumanne. Akahesabu kwa vidole vyake mbele yangu... Jumatano, Alhamisi, Ijumaa... akavikunja vyote akaandika. Hakunisema. Afadhali angenitukana. Yule mtu sasa yuko mahali fulani na laini mpya, na pengine anafundisha baiolojia kwenye grupu jingine.

Wajomba wakaja, kama Minza alivyosema. Kikao kikakaa siku mbili. Mkuu wa shule alikwenda kuomba, paroko alikwenda kuomba, hata Mwalimu Osmundi alitoka Malinyi kwa gharama zake kwenda kuomba. Mimi nilikwenda pia. Mama yake Minza alinipa maji ya kunywa kwenye kikombe kisafi, akanigeuzia mgongo, akaendelea kupeta mchele. Sikuitwa kwenye kikao. Kwa kweli nilitaka nifukuzwe, nipate la kusimulia.

Mzee Shija alikataa mtoto kuozwa wakati ule. Hilo nalisema ili mjue ni mtu wa namna gani yule niliyemcheka mpaka nikashika ukuta. Lakini kumbakiza hapa hakuweza. Minza asingepita njiani bila mtu kuuliza habari za Meneja. Ikaamuliwa aende Shinyanga kwa shangazi yake, na habari za shule wataziangalia huko. Wataziangalia! Mtoto wa kidato cha tatu anaondoka katikati ya muhula, bila barua ya uhamisho, anakwenda kwenye nyumba yenye ng'ombe sabini na watoto wadogo wanane. Mnajua na mimi najua kitakachoangaliwa.

Nilisikia anaondoka siku gani. Asubuhi ile nilikuwa stendi ya Ifakara kabla mabasi hayajawasha injini. Nilikuwa nimemnunulia daftari, kalamu na soksi, mambo ya kijinga kama hayo. Nikamwona amekaa juu ya begi lake karibu na dirisha la tiketi, mjomba wake amekwenda kununua maji. Alivyoniona akasimama. Nikadhani ataondoka, au atanitemea mate, nami nilikuwa tayari.

Alipiga magoti. Pale stendi, kwenye matope na maganda ya miwa, wapiga debe wanapita, alipiga magoti kama siku zote. "Shikamoo, madamu."

Mdomo wangu ulifunguka, sauti haikutoka. Neno moja tu, wasomaji! Neno ambalo hata mlevi huliitikia! Nilisimama na ule mfuko wa daftari, nalia, na mtoto yuko chini anangoja aitikiwe ndipo ainuke. Alingoja sana. Mwisho akainuka mwenyewe, akajipangusa magoti, akasema maneno ambayo ningependa nisiyakumbuke.

"Madamu, ile sheria ya tatu, ungewabadilishia wenzangu. Waambie wamchague vizuri."

Mjomba akarudi. Akapanda. Mfuko wangu hakuuchukua, na sikumlazimisha.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Nilitegemea nitaadhibiwa, na hapo ndipo dharau yangu kwa dunia hii ilipokamilika. Niliandikiwa barua ya onyo ya kurasa moja na nusu, na wiki mbili baadaye, kutoka ofisi nyingine ambayo haikuwa na habari, kikaja cheti changu cha ukufunzi, kina fremu! Nimekifungia stoo, chini ya maboksi ya vishikwambi. Ukufunzi nilikataa. Aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu kuniuliza kama anaweza kutumia ule mfano wa ng'ombe. Nilimwambia maneno ambayo mhariri hatayachapa.

Siku hizi nikikaa na watu wazima nawasikia wakilalamika kwamba mitandao imeharibu watoto. Nawasikiliza, nabenua mdomo kama zamani. Mitandao gani? Minza alipotishiwa alifanya kila kitu sawa. Simu haikusema siri yake. Yule tapeli mwenyewe, mshenzi aliyelaaniwa, alitishia tu, hakumwambia baba yake neno. Aliyesema ni mimi. Nilisema kwa kipaza sauti, nikapigiwa makofi na walimu sitini.

Ubaoni sheria ya tatu nimeikwangua kwa kisu, maana rangi ya mafuta haifutiki. Pale pamebaki alama mbaya nyeupe, na wanafunzi wapya kila mwaka wanauliza palikuwa na nini. Nawaeleza. Nawaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, kwa majina niliyobadilisha na pembe niliyobadilisha, mpaka la ng'ombe. La ng'ombe huwa wanacheka kidogo, kisha wanaona uso wangu wanaacha.

Walimu wenzangu, wazazi, nawasihi. Mtoto akikuletea aibu yake, hiyo si mali yako. Si mfano, si mada, si kichekesho cha kwenye chai. Usiipige picha, usiitume hata kwa mtu mmoja unayemwamini, na ulichoahidi kukifanya kesho kifanye leo, hata kama una semina, hata kama una kitenge kipya. Na mkimtania mtoto asiyeweza kuwarudishia, jueni kabisa mnachofanya, msije mkakiita utani kama mimi.

Namba ya Mzee Shija bado ninayo. Mwezi uliopita niliitazama. Meneja hayupo tena, kiduara kimebaki kitupu. Sijui kama dume limeuzwa au picha tu imetolewa, na wa kumuuliza sina. Sijui simu hiyo sasa anasomewa na nani.

Minza, gazeti hili linafika Shinyanga. Pengine siku moja litafungiwa vitumbua, ulisome, maana wewe husoma kila kitu mpaka mwisho. Wa kupiga magoti stendi ile nilikuwa mimi. Na ile salamu yako uliyoiacha pale haijaitikiwa mpaka leo.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.